Uzi wa taimingi za HDMI kwenye Linux: draiva inakuambia, kuamua ni kazi yako

fundi_pikseli (#1)

Wakuu salaam.

Swali hili halikauki humu: "Kebo nimechomeka, kifaa kinaonekana kama /dev/video0, ila nikifungua napata picha nyeusi, au 640x480 wakati chanzo kinatoa 1080p." Wengi huambiwa wabadili kebo, wazime na kuwasha, wajaribu programu nyingine. Nimeona tuwe na uzi mmoja tulimalize.

Kwanza kinachopita kwenye kebo. Ukisema 1080p60 umetaja ukubwa wa picha na idadi ya fremu kwa sekunde, basi. Chipu inayopokea inataka kujua zaidi. Kila mstari una pikseli 1920 zinazoonekana, halafu pikseli 88 tupu (porchi ya mbele), 44 za mpigo wa hsync (ishara ya mstari mpya), kisha 148 za porchi ya nyuma. Jumla 2200. Kwa wima nako ni hivyo hivyo: mistari 1080, ikifuatiwa na 4, 5 na 36, jumla 1125. Zidisha 2200 mara 1125 mara 60, unapata 148,500,000. Hiyo ndiyo kloki ya pikseli, 148.5 MHz. Namba zote hizo, pamoja na polariti (mpigo unaelekea juu au chini) za hsync na vsync (ishara ya fremu mpya), ndizo taimingi.

Angalia sasa 1080p50. Kloki ni ileile 148.5 MHz, mistari ileile 1125. Kilichobadilika ni porchi ya mbele ya mlalo tu: kutoka 88 imekuwa 528, jumla ya mstari ikafika 2640. Kwa hiyo ukiambiwa kloki peke yake hujaambiwa kitu.

Kwenye V4L2, mfumo wa Linux wa vifaa vya video, namba hizi zinakaa ndani ya `struct v4l2_bt_timings`, nayo iko ndani ya `struct v4l2_dv_timings`. Ioctl (maombi ambayo programu inayatuma kwa draiva) za kushughulika nazo ni hizi:

`VIDIOC_DV_TIMINGS_CAP` inakuonyesha mipaka ya kifaa. `VIDIOC_ENUM_DV_TIMINGS` inaorodhesha taimingi zinazojulikana ambazo kifaa kinaziweza. `VIDIOC_QUERY_DV_TIMINGS` inapima kinachoingia sasa hivi. `VIDIOC_S_DV_TIMINGS` inaweka, na `VIDIOC_G_DV_TIMINGS` inasoma kilichowekwa.

Wanaokwama wanakwama hapa: QUERY haiweki kitu. Inakuonyesha chanzo kinatoa nini, inaishia hapo. Draiva itaendelea kuamini taimingi ilizokuwa nazo mwanzo, nyingi zikianza na 640x480, mpaka wewe mwenyewe uite S. Kwa kutumia v4l2-ctl, programu ya terminali ya kuzungumza na draiva hizi, ni hivi:

`v4l2-ctl -d /dev/video0 --query-dv-timings`
`v4l2-ctl -d /dev/video0 --set-dv-bt-timings query`

Hiyo ya pili inapima na kuweka kwa pamoja. Nusu ya malalamiko ya picha ndogo yanaishia kwenye mstari huo mmoja.

Nawasilisha.

---

Ngoma_Bado (#2)

Asante mkuu, ngoja nivute kiti.

---

BintiKerneli (#3)

Mkuu fundi_pikseli, maelezo yamenyooka, ila nina ubishi kidogo. Televisheni yoyote ukiichomekea HDMI inajipanga yenyewe. Draiva imeshapima, inajua ni 1080p60. Kwa nini isijiwekee yenyewe ikatupunguzia kazi? Mimi naona huu ni uvivu wa waandika draiva tunaobebeshwa sisi.

---

fundi_pikseli (#4)

Dada BintiKerneli, mantiki unayo, lakini tatizo liko kwenye kumbukumbu.

Programu yako ikiomba bafa (sehemu za kumbukumbu za kuwekea fremu) za 1280x720 kwa UYVY, fomati ya baiti mbili kwa pikseli, kila bafa ni baiti 1,843,200. Wakati unanasa, mtu wa upande wa pili anabadili chanzo kuwa 1920x1080. Fremu moja sasa inahitaji baiti 4,147,200. Draiva ikijibadilisha kimyakimya, hizo baiti za ziada zitaandikwa wapi? Na hata kama DMA (kifaa kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu) ina kinga, programu yako bado inasoma mistari ya upana wa 1280 kutoka kwenye data ya upana wa 1920. Picha itapinda mshazari na hutajua kwa nini.

Ndiyo maana nyaraka za V4L2 zinakataza waziwazi: draiva isibadili taimingi yenyewe ikigundua ishara mpya. Inatakiwa itume tukio la `V4L2_EVENT_SOURCE_CHANGE`, halafu isubiri programu iamue. Televisheni inajipanga kwa sababu ndani yake kuna programu inayofanya hatua hizihizi. Huioni tu.

---

BintiKerneli (#5)

Hapo nimekuelewa. Ubishi nauondoa, ingawa bado nadhani programu nyingi za kunasa video zinapaswa kuona aibu. Unafungua programu kubwa ya kurekodi, haina hata kitufe cha kusoma upya taimingi.

---

mzee_wa_bafa (#6)

Vijana mmefika pazuri. Niongezee kwa wanaoandika programu zao kwa C, maana v4l2-ctl inatosha kwa majaribio lakini mtambo unaofanya kazi usiku kucha unataka kujisimamia.

Jiandikishe kwanza kupokea tukio:

```
struct v4l2_event_subscription sub;
memset(&sub, 0, sizeof(sub));
sub.type = V4L2_EVENT_SOURCE_CHANGE;
ioctl(fd, VIDIOC_SUBSCRIBE_EVENT, &sub);
```

Kisha kwenye `poll()`, inayosubiri kifaa kiwe na jambo, weka `POLLIN` kwa ajili ya fremu na `POLLPRI` kwa ajili ya matukio. Wengi wanasahau POLLPRI. Programu inabaki imeganda kwenye `VIDIOC_DQBUF` ikingoja fremu ambayo haitakuja, kwa sababu kuna draiva ambazo chanzo kikibadilika zinaacha kuleta fremu kabisa.

Tukio likifika, litoe kwa `VIDIOC_DQEVENT`, kisha piga QUERY. Ukipata taimingi halali, zilinganishe na ulizonazo. Kama ni zilezile, usiguse kitu: huenda kebo ililegea ikarudi. Kama zimebadilika, mpangilio ni huu na hauchezewi: `STREAMOFF`, ondoa `mmap` zako kwa `munmap`, `REQBUFS` yenye count 0 (kurudisha bafa zote), ndipo `S_DV_TIMINGS`, halafu `G_FMT` usome ukubwa mpya, `REQBUFS` upya, `QBUF` zote, `STREAMON`.

Ukiruka REQBUFS ya 0 utapewa `EBUSY` usoni. Watu wanaona EBUSY wanadhani programu nyingine imeshika kifaa, wanaanza kuua michakato ovyo. Aliyeshika bafa ni wewe mwenyewe.

Na msome `G_FMT` baada ya kuweka taimingi, si kabla. S_DV_TIMINGS inabadili fomati. Ulichokuwa umeweka kwa S_FMT mwanzo kimekwenda na maji.

---

Chujio (#7)

Mzee shikamoo. QUERY yangu inarudisha kosa kila nikiiita. Mara nyingine `ENOLINK`, mara nyingine `ENOLCK`. Ni kitu kimoja au tofauti? Chanzo ni kompyuta ndogo, na kifaa changu ni bodi yenye chipu ya kupokea HDMI, TC358743.

---

mzee_wa_bafa (#8)

Marahaba. Ni tofauti kabisa.

ENOLINK: hakuna ishara. Kwa chipu hakuna kitu kwenye kebo. ENOLCK: ishara ipo ila chipu haijafanikiwa kuishika, haijatulia. Hiyo ya pili inaweza kuonekana kwa muda mfupi chanzo kinapobadili mkao, kwa hiyo usikate tamaa mara moja, ngojea kidogo upime tena. Ikikaa hapo muda mrefu, ndipo uanze kuishuku kebo.

Kuna ya tatu, `ERANGE`: ishara imeshikwa na imepimwa, lakini iko nje ya uwezo wa kifaa. Chipu yako hiyo draiva yake inaishia kloki ya 165 MHz, ukiirushia 4K ya fremu 60 haiwezi. Na ukipata `ENODATA`, ujue ingizo ulilochagua halitumii taimingi hizi kabisa, pengine uko kwenye ingizo la analogi.

Zinashughulikiwa tofauti. ENOLINK unamwonyesha mtumiaji "hakuna ishara". ERANGE unamwambia apunguze ukubwa kwenye chanzo. Programu inayozichanganya zote kuwa "kosa" inamtesa mtu bure.

---

fundi_pikseli (#9)

Chujio, kwa TC358743 kabla hujasumbuka na kebo: umepakia EDID, yaani data inayokiambia chanzo ni picha gani kifaa kinazipokea?

Chipu hii haina EDID yake ya kuzaliwa nayo. Draiva hainyanyui mstari wa hotplug (waya unaotangaza kuwa kuna kifaa upande wa pili) mpaka uipe EDID. Kompyuta yako isipoona hotplug inaamini hakuna skrini, kwa hiyo haitumi chochote, na wewe unapata ENOLINK milele hata kama kebo ni nzima.

`v4l2-ctl -d /dev/video0 --set-edid=file=edid.txt --fix-edid-checksums`

Au kama huna faili, weka `--set-edid=type=hdmi` upewe ya kawaida. Ngoja sekunde chache chanzo kisome, ndipo upige query. EDID hiyo haihifadhiwi popote, kwa hiyo kila ukiwasha upya bodi unaipakia tena. Iweke kwenye hati inayojiendesha wakati wa kuwaka.

---

Chujio (#10)

Aisee! Nilikuwa nimeshanunua kebo nyingine. EDID imeingia, query imejibu 1920x1080. Ubarikiwe sana mkuu.

Sasa swali la ujinga: humo ndani ya EDID kuna nini hasa? Nimefungua faili naona namba za heksi tu.

---

fundi_pikseli (#11)

Si la ujinga, na kwa kweli hapa ndipo pananifurahisha kuliko pote.

EDID ni vipande vya baiti 128. Cha kwanza kinaanza na 00 FF FF FF FF FF FF 00, na baiti ya mwisho ya kila kipande imewekwa ili jumla ya baiti zote 128 igawanyike kwa 256 bila baki. Ukihariri baiti moja bila kurekebisha hiyo ya mwisho, kuna vyanzo vitaikataa EDID nzima. Ndiyo kazi ya `--fix-edid-checksums` hapo juu.

Taimingi zenyewe zinakaa kwenye vifungu vya baiti 18. Tafuta kwenye faili lako mfululizo huu, uwezekano mkubwa utaukuta:

`02 3A 80 18 71 38 2D 40 58 2C 45 00`

Usome nami. Baiti mbili za kwanza ni kloki ya pikseli kwa vipimo vya 10 kHz, baiti ndogo ikitangulia. Yaani 0x3A02, ambayo ni 14850. Mara 10 kHz ni 148.5 MHz.

Baiti tatu zinazofuata ni mlalo. 80 ni sehemu ya chini ya pikseli zinazoonekana, 18 ni sehemu ya chini ya nafasi tupu, na 71 inabeba sehemu za juu za zote mbili: 7 kwa ya kwanza, 1 kwa ya pili. Unganisha: 0x780 ni 1920, 0x118 ni 280. Na 280 ndiyo 88 + 44 + 148 tuliyoianza nayo.

Wima ni mtindo uleule: 38, 2D, 40 zinakupa 0x438 ambayo ni 1080, na 0x02D ambayo ni 45.

Halafu 58 ni 88, porchi ya mbele. 2C ni 44, hsync. 45 imegawanywa nusu kwa nusu: 4 ni porchi ya mbele ya wima, 5 ni vsync. Porchi za nyuma haziandikwi, unazipata kwa kutoa.

Kwa hiyo ukitaka chanzo kikutumie 720p, njia safi si kuhangaika na menyu za chanzo. Mpe EDID inayotangaza 720p kama chaguo la kwanza, inayoanza na 01 1D, yaani 7425, yaani 74.25 MHz. Chanzo chenye adabu kitafuata chenyewe.

---

Ngoma_Bado (#12)

Nilikuja kuvuta kiti tu, sasa nina swali langu. Nami natumia TC358743. Mkuu umesema porchi ya mbele 88, hsync 44, porchi ya nyuma 148. Query yangu inaonyesha porchi zote mbili 0, na hsync 280. Wima nako vsync 45. Chipu mbovu?

---

fundi_pikseli (#13)

Chipu nzima. Jumlisha 88, 44 na 148 uone.

Draiva ya chipu hii inasoma upana wote wa mstari na upana unaoonekana, inatoa, na tofauti yote inaiweka kwenye hsync. Haiwezi kujua mgawanyo wa ndani. Kwa kunasa picha hilo halina madhara, kwa sababu kinachohitajika ni ukubwa na kasi.

Ila angalia usizichukue namba hizo ukazipeleka kwenye kifaa cha kutoa picha. Skrini ikipewa hsync ya pikseli 280 inaweza kukataa. Upande wa kutoa, tafuta taimingi ya kiwango yenye ukubwa huohuo kwenye orodha ya ENUM uweke hiyo, au acha v4l2-ctl ikupigie hesabu za CVT (kanuni ya kiwango ya kukokotoa taimingi):

`v4l2-ctl --set-dv-bt-timings cvt,width=1280,height=720,fps=60`

---

BintiKerneli (#14)

Na 59.94 je? Ninanasa kutoka kwa chanzo ambacho nina hakika kinatoa 59.94, query inasema 60 kamili. Baada ya muda sauti na picha zinaachana.

---

fundi_pikseli (#15)

Hiyo ni ya chipu yenyewe, kama ni hiihii. Muda wa fremu moja inaupima kwa vipimo vya sehemu ya kumi ya milisekunde. Fremu ya 60 ni milisekunde 16.67, ya 59.94 ni 16.68. Zote mbili zinasomeka 167. Tofauti imepotea kabla hata draiva haijaanza hesabu.

Chipu zinazopima vizuri zaidi zitakuonyesha kloki ya karibu 148.35 MHz badala ya 148.5, yaani imegawanywa kwa 1.001. Upande wa kutoa kuna bendera ya `V4L2_DV_FL_REDUCED_FPS` ya kuomba hivyo, kwa taimingi zilizo na `V4L2_DV_FL_CAN_REDUCE_FPS`.

Kwa tatizo lako usitegemee taimingi kwa usawazishaji. Kila bafa inatoka na muhuri wa muda kwenye `v4l2_buffer.timestamp`. Panga sauti kwa huo.

---

Chujio (#16)

Wakuu msinichoke. Taimingi zimeingia vizuri 1080p60, fomati UYVY, STREAMON haitoi kosa, lakini fremu hazitoki au zinatoka zimekatika. Nikishusha chanzo kuwa 1080p50 kila kitu safi. Bodi yangu ina njia mbili za CSI-2, kiungo cha kutoka kwenye chipu kwenda kwenye kichakataji.

---

mzee_wa_bafa (#17)

Hesabu itakujibu. Draiva hiyo kwa mpangilio uliozoeleka inaendesha kila njia kwa megabiti 972 kwa sekunde. Njia mbili ni 1944.

1920 x 1080 x 60 x biti 16 ni megabiti 1990 na kidogo. Haiingii. Kwa 50 ni 1659, inaingia na nafasi inabaki.

Ukibadili kuwa RGB ya biti 24, hata 50 haiingii, ni 2488. Kwa fremu 30 ni 1493, sawa. Ukitaka 1080p60 yako tafuta bodi yenye njia nne.

Kinachoudhi ni kwamba S_DV_TIMINGS haikukuambia lolote. Taimingi ni halali kwa upande wa HDMI, kwa hiyo ilikubali. Njia ya kutoka kwenye chipu kwenda kwenye kichakataji ni habari nyingine, na huko hakuna anayekukagulia mapema. Mimi hilo naliona ni pengo.

---

Ngoma_Bado (#18)

Kwa sisi tunaotaka kujifunza kushughulikia hayo matukio na makosa bila kuchomoa kebo kila dakika, kuna njia?

---

fundi_pikseli (#19)

Ipo, na haihitaji kifaa. Kuna draiva ya majaribio inaitwa vivid, kazi ya Hans Verkuil, ambaye mkono wake uko pia kwenye sehemu kubwa ya huu mfumo wa taimingi. Piga `modprobe vivid`, halafu chagua ingizo la HDMI, ambalo kwa kawaida ni namba 3. Usidhani ni /dev/video0 daima, angalia kwanza `v4l2-ctl --list-devices`:

`v4l2-ctl -d /dev/video0 -i 3`

Kisha:

`v4l2-ctl -d /dev/video0 -c dv_timings_signal_mode=1`

Hapo umeondoa ishara, QUERY itakupa ENOLINK. Weka 2 upate ENOLCK, 3 upate ERANGE, 0 kurudi kawaida. Fungua terminali nyingine uache `v4l2-ctl -d /dev/video0 --wait-for-event=source_change=0` ikisubiri, uone tukio likifika unapobadili.

---

BintiKerneli (#20)

Nimeijaribu sasa hivi na programu yangu ya kunasa. Kwenye 2 imeganda palepale, hata Ctrl+C haisikii. Mzee, hii ndiyo ile POLLPRI?

---

mzee_wa_bafa (#21)

Ndiyo hiyo, na pengine DQBUF yako iko kwenye uzi (thread) mmoja wa programu na kila kitu kingine. Fungua kifaa kwa `O_NONBLOCK` (ili wito usigande ukisubiri), DQBUF uiite pale tu poll inaposema POLLIN. Ukipata `EAGAIN` (fremu haijafika bado) rudi kwenye poll. Bandika hapa kitanzi chako kikuu tukione.